Jua, Umeme na Sakitu: Historia ya Kuhifadhi Samaki Uvira

Muda mrefu kabla ya mashine za baridi kufika Uvira, uhifadhi wa samaki katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika ulitegemea jua na moshi, na mbinu hizo zilifuata mwenendo wa uvuvi wenyewe. Ndagala, yaani dagaa wa ziwa hilo, huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga, uliokuwa wa mienge kabla ya taa za karabai kuenea katika miaka ya 1950. Mbalamwezi inapotawala, mwanga huo hupoteza nguvu na mitumbwi hubaki ufukweni, lakini kiza kinaporudi samaki hupatikana kwa mkupuo, kuliko mahitaji ya siku moja. Kwa kuwa ni wadogo, huanikwa bila kupasuliwa, na jua kali likipatikana hukauka upesi kiasi cha kuweza kubebwa hadi masoko ya milimani. Masika yanapozuia uanikaji, sehemu ya mavuno huoza.

Baridi ya mashine ilifungamana na umeme. Friji za mafuta ya taa, zilizotokana na uvumbuzi wa Wasweden Baltzar von Platen na Carl Munters mwaka 1922, ziliweza kufanya kazi mahali pasipo na nyaya, lakini ujazo wake ulifaa jiko la nyumba, si shehena ya mvuvi. Hali ilianza kubadilika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati kituo cha Ruzizi I, kilichojengwa karibu na Bukavu mahali mto unapotoka Ziwa Kivu, kilipoanza kuzalisha umeme uliofika pia Uvira. Ruzizi II ilifuata mwaka 1989, ikiwa mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi.

Friji iliyobuniwa kwa umeme usiokatika ilileta tatizo lake, nalo ni sakitu, yaani mvuke wa hewa unaoganda juu ya mabomba ya ndani ambamo gesi hunyonya joto. Hewa yenye unyevu ya kando ya ziwa huingia kila mlango unapofunguliwa, na tabaka la sakitu likinenepa huzuia baridi isiwafikie samaki, huku mota ikizunguka bila kupumzika. Friji za zamani zilizimwa ili barafu iyeyuke, na aliyekosa subira akaikwangua kwa kisu aliweza kutoboa bomba na kupoteza gesi yote. Zile za baadaye zilipewa saa inayosimamisha mota, hita inayoyeyusha sakitu na thermostati inayozima hita hiyo. Fundi anayekuta sakitu nene iliyoenea mabomba yote hushuku kimojawapo cha vitu hivyo vitatu, ilhali sakitu iliyokusanyika upande mmoja tu humwelekeza kwenye upungufu wa gesi.

Saa hiyo, ikiwa ya gurudumu, huhesabu umeme unapokuwepo pekee, kwa hiyo kila ukatikaji huiacha ilipofika. Ukatikaji mrefu huyeyusha sakitu bila msaada wa hita, lakini huyeyusha pia samaki waliogandishwa. Kwa sababu hiyo friji haikuuondoa uanikaji katika mwambao huu: baridi ilimfaa mwenye umeme wa uhakika na mikeke, samaki wengine wa ziwa hilo, wa kuuza wakiwa wabichi, ilhali ndagala mkavu, asiyehitaji waya njiani wala sokoni, alibaki akiba ya walio wengi.