Birika la umeme: swichi ndiyo iliyookoa yuniti

Mtu akitaka kubana yuniti za stima, mara nyingi hukimbilia kununua birika lenye wati chache. Hebu tuangalie historia ya kifaa hiki, maana nadhani tunatazama pasipofaa.

Mabirika ya umeme yalianza kuuzwa miaka ya 1890, Marekani na Uingereza. Koili ilikaa kwenye chumba chake chini ya maji, kwa hivyo joto jingi lilipotelea kwenye chuma na hewani. Mwaka 1922, Leslie Large, mhandisi wa Bulpitt & Sons kule Birmingham, aliitia koili ndani ya mrija wa chuma na kuuzamisha kwenye maji yenyewe. Upotevu huo ukapungua sana. Kilichobaki ni fizikia tu, na fizikia haina bei ya kuelewana: lita moja kutoka nyuzi 20 hadi 100 yataka yuniti 0.093 hivi, birika liwe la wati 1000 au 2200. La wati nyingi linawahi kumaliza, basi.

Sasa ukabaki upotevu wa binadamu. Birika lilichemka hadi mtu akumbuke. Akisahau, maji yakauke na koili iungue. Mwaka 1955 Bill Russell na Peter Hobbs wakatoa K1, birika linalojizima. Hapa mimi, mwandishi wa programu, nawapa heko. Hawakupima joto la maji! Waliuelekeza mvuke kwenye utepe wa metali mbili zilizoshikamana. Ukipata joto, metali moja hutanuka kuliko nyingine, utepe unajikunja na swichi inakata umeme. Wangeweka sharti la "zima ikifika 100", birika lingechemka mpaka likauke hapa Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 kwa sababu ya mwinuko. Wao walisubiri tukio, si namba.

Ndiyo maana ukiacha kifuniko wazi halijizimi: mvuke unatoroka kabla ya kuufikia utepe.

Lakini swichi haijui mko wangapi nyumbani. Ukichemsha lita 1.7 ili unywe kikombe kimoja cha robo lita, umelipia karibu vikombe saba. Pima maji kwa kikombe utakachonywea, mradi yafike alama ya chini ya birika. Yakizidi, yamimine kwenye chupa ya chai yangali moto.