Kenya: Jinsi gari la zamani linavyogeuzwa kuwa la umeme

Nchini Kenya, gari la zamani aina ya Land Cruiser au Land Rover huweza kuondolewa injini ya dizeli, likafungwa mota ya umeme na kurejea kazini. Kampuni ya Roam ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ilifanya kazi hiyo kwa magari ya watalii, yakiwemo yanayotumika Maasai Mara.

Kazi inavyofanyika

Mafundi huondoa injini, tangi la mafuta na ekzosi. Badala yake hufunga mota, betri za lithiamu na kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuzungusha mota. Giaboksi huweza kubaki. Gari la zamani lina wepesi wake, kwani mifumo yake haitegemei sana kompyuta. Hata hivyo, breki nyingi husaidiwa na nguvu ya injini; injini ikiondolewa, pampu ya umeme huwekwa kushika nafasi hiyo.

Betri ni nzito, hivyo uzito hauna budi kugawanywa vyema mbele na nyuma ili gari lisiyumbe. Aidha, umeme wake unaweza kuua. Kazi hii si ya fundi asiye na mafunzo.

Faida na gharama

Mbugani, gari lisilo na ngurumo wala moshi huwakaribia wanyama bila kuwashtua. Tena, sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi, maji na upepo. Gharama kubwa iko kwenye betri. Kwa hiyo ugeuzaji huu hulifaa zaidi gari linalofanya kazi kila siku na kurudi jioni kituoni kuchajiwa, kuliko gari la safari ndefu.

Je, linabaki kuwa la kihistoria?

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, hulitambua gari la kihistoria kuanzia umri wa miaka 30. Mwaka 2019 lilieleza kuwa gari lililogeuzwa kuwa la umeme halistahili tena sifa hiyo, likahimiza mabadiliko yanayoweza kutenguliwa na vipuri vya asili vihifadhiwe.

Mwenye gari hana budi kuamua mapema iwapo gari lake ni chombo cha kazi au ni kumbukumbu. Likiwa kumbukumbu, injini yake ni sehemu ya thamani yake.