Kutoka Vyungu vya Fumba hadi Santuri za Bombay

Opera, yaani mchezo wa jukwaani ambao maneno yake huimbwa yakisindikizwa na kundi kubwa la wapiga ala, haikuota mizizi katika mwambao wa Afrika Mashariki, na heshima ambayo ingepewa ilichukuliwa na taarab, muziki uliolelewa kwanza katika kasri la Unguja zama za Sultani Barghash bin Said (1870–1888), aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayopigwa ikiwa imelazwa. Mji wa Mikindani, huko Mtwara kusini mwa Tanzania, pamoja na nchi ya Madimba na Msimbati inayoelekea mlango wa Mto Ruvuma, ulikuwa katika mwambao uliohesabiwa kuwa wa Sultani huyo kabla ya Wajerumani kuutwaa mwishoni mwa miaka ya 1880, na kwa hiyo historia ya waimbaji wa kusini haiwezi kutenganishwa na ile ya Unguja.

Taarab ya mwanzo ilikuwa ya wakubwa na iliimbwa Kiarabu. Hata klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoundwa mjini Unguja mwaka 1905, ilikuwa ya wanaume, na mtu wa shamba hakuwa na mlango wa kuingilia. Aliyeuvunja mlango huo alikuwa mfinyanzi wa Fumba, aliyezaliwa yapata mwaka 1880 akaitwa Mtumwa binti Saad, katika ukoo uliotoka bara na kuonja utumwa ambao hadhi yake ya kisheria ilifutwa Unguja mwaka 1897 tu. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata baadaye, baada ya watu kuisikia sauti yake.

Kazi yake ya awali inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa chuo chake. Vyungu, baada ya kufinyangwa kwa mkono, kukaushwa na kuchomwa motoni, vilipangwa kichwani na kupelekwa mjini kwa miguu, mwendo wa karibu kilomita 20, na mchuuzi alilazimika kuiweka shingo wima, kuipima pumzi, na kuinadi bidhaa yake kwa sauti itakayomfikia mama aliye jikoni nyuma ya ukuta wa mawe. Siti alinadi kwa kuimba. Mwalimu wa kuhifadhi mashairi na kufuata ala alikuja baadaye, alipohamia mjini mwaka 1911 na kukutana na Muhsin Ali, lakini koo lilikuwa limekwisha kukomaa njiani.

Kundi lake, ambamo walikuwemo Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Mwalimu Shaban, lilifanya jambo ambalo kasri halikulifanya: liliimba kwa Kiswahili mambo ya Ng'ambo, mtaa wa wengi waliotoka katika utumwa, na kuingiza ndani ya nyimbo kesi za mahakamani na dhuluma walizofanyiwa wanyonge, kama ilivyo katika wimbo wa Kijiti unaohusu kuuawa kwa mwanamke. Huo ndio ukubwa wa Siti, kuliko hata kuitwa kwake kuimba mbele ya Sultani, kwani aliyeimbiwa habari zake mwenyewe alijiona kuwa naye ni mtu wa kutajwa.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwapeleka Bombay, na Siti akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa kibiashara. Santuri za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja ulichukua takriban dakika tatu, kwa hiyo wimbo uliozoea kurefushwa barazani kwa kadiri wasikilizaji walivyotaka ulilazimika kufupishwa. Hata hivyo ziliuzwa kwa wingi katika mwambao wote, zikapigwa kwa gramafoni mikahawani na majumbani. Siti alifariki mwaka 1950, naye Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Kusini hakukukosa sauti. Ngoma za Wamakonde, unyago na nyimbo za kazi zililea waimbaji wa kila kizazi, ila kampuni za santuri zilitazama Unguja na Mombasa kwanza. Ilichukua muda mrefu kabla ya mwana wa Mtwara, Rajab Abdul Kahali, anayejulikana kwa jina la Harmonize, kutoka katika uchuuzi wa Dar es Salaam na kupata sifa kwa wimbo wa Aiyola mwaka 2015, nao ulikuwa muziki wa bongofleva, unaotengenezwa studio kwa kompyuta. Kati ya santuri za Bombay na wimbo huo kuna karibu miaka 90, na waimbaji wa Mikindani, Msimbati na Madimba walioimba katika kipindi hicho wanakumbukwa na wazee wao. Walimu, maofisa utamaduni na vijana wa Mtwara waende wakawasikilize wazee hao, wawarekodi, na waandike majina ya waimbaji na kazi walizofanya mchana.