Chemchemi Iliyozibwa

Katika Mwanzo 26 tunasoma jinsi Wafilisti walivyovifukia visima vya Ibrahimu. Uovu wa namna hiyo ndio uliomgusa Mfaransa Marcel Pagnol, mzaliwa wa Aubagne mwaka 1895. Mwaka 1952 alitoa filamu ya Manon des Sources, kisha akakiandika kisa chote katika riwaya mbili. Mwaka 1986 Claude Berri akazitengenezea filamu: Jean de Florette na Manon des Sources.

Mzee César Soubeyran na Ugolin, kijana wa ukoo wake, wanalitamani shamba la jirani. Wanaiziba chemchemi yake kwa saruji, kisha wanangoja mrithi ashindwe. Mrithi ni Jean, mtoza ushuru mwenye kibiongo, aliyehamia kutoka mjini na mkewe na binti yao mdogo, Manon. Jean analima, anafuga sungura, anabeba maji kutoka mbali hadi nguvu zinamwishia. Anapochimba kisima kwa baruti, jiwe linampiga, naye anafariki.

Kijijini wapo wanaojua habari za chemchemi ile, lakini hawasemi. Kwao Jean ni mgeni, na mama yake, Florette, aliolewa katika kijiji wasichopatana nacho. Hayo, wanaona, si mambo yao.

Miaka inapita. Manon, sasa mchungaji wa mbuzi, anaziba chanzo cha maji ya kijiji kizima. Bomba linakauka, kanisa linajaa, na padre anahubiri juu ya dhambi iliyofichwa. Mwishowe César anaambiwa na bibi kipofu habari za barua ambayo haikumfikia alipokuwa askari Afrika: Florette alikuwa na mimba yake. Jean alikuwa mwanawe.

Ni rahisi kwetu kumlaumu César. Lakini saruji peke yake isingetosha. Ilibidi na kijiji kinyamaze. Nasi tumewahi kukaa barazani tukiujua mpaka halisi wa shamba la mjane, tukasema, "Hayo ni mambo ya ukoo," na Jumapili tukaimba kwa sauti kubwa.

César alimtambua mwanawe akiwa amekwisha kuzikwa. Sisi, wapendwa, majirani zetu wangali hai. Tuseme tunachokijua wakati maji bado yanaweza kuwafaa.