Jina Lako Liko kwa Listi? Historia Fupi ya Misaada na Karatasi Goma



Katika mkutano wetu uliopita, mama mmoja aliyekuwa akiishi Buhene alisimama akauliza swali ambalo mkutano mzima haukuweza kujibu. Alisema hivi: "Siye tulipoteza nyumba kwa volkano, ile mwaka ya Covid. Walisema wasinistre watasaidiwa. Jina yangu haikuwa kwa listi, juu nilikuwa Minova na batoto. Sasa muniambie: mutu akikimbia sawa vile Serikali imemwambia akimbie, kosa lake ni gani?"

Niliahidi kumjibu kwa maandishi. Jibu lake ni refu kidogo, kwa sababu linaanza kabla ya 2021. Tena nina sababu yangu ya kuliandika, nitaisema mbele.

Tuanze na 2002. Tarehe 17 Januari mwaka huo Nyiragongo ilipasuka. Lava ilishuka ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikabomoa kanisa kuu, ikaingia ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walivuka kwenda Gisenyi. Wengine walikufa siku chache baadaye, kituo cha mafuta kilipolipuka mjini. Wakati ule hapakuwa na Serikali moja ya kuandikia barua: Kinshasa ilikuwa na utawala wake, na Goma ilikuwa mikononi mwa RCD. Hakuna aliyengoja kurudishiwa gharama na Hazina ya nchi. Msaada ulioonekana ulikuwa wa mashirika: mabashi, mbao, misumari, manjanja.

Mashirika yalitaka kuwapangia watu kambi upande wa Rwanda. Watu walikataa. Baada ya siku mbili tatu walianza kurudi, wakitembea juu ya lava ambayo bado ilikuwa na moto ndani. Goma ilikuwa inakumbuka kambi za 1994, kipindupindu kilipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi kwa majuma machache. Tena kila mtu alitaka kulinda parseli yake, maana lava ikishafunika mpaka, jirani anaweza kuusogeza. Ikabidi msaada uwafuate watu walikorudi. Wazee wetu wakabaki na funzo moja kutoka mwaka ule: ukitaka kuandikwa, simama juu ya parseli yako. Funzo hilo lilikuwa zuri kwa 2002. Kwa 2021 lilitudanganya.

Katikati ya volkano hizo mbili tulipata funzo lingine, lenye sura tofauti. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alionekana hapa Goma, na siku tatu baadaye OMS ikatangaza dharura ya kimataifa. Ugonjwa ulikwisha tarehe 25 Juni 2020, umeua watu zaidi ya 2,200. Kwa miaka hiyo miwili, mtu aliyekuja na fishi na kalamu hakuwa analeta manjanja. Jina lako likiandikwa, maana yake uligusana na mgonjwa, na utafuatwa siku 21. Watu walijifunza kuficha majina. Mtoto aliandikwa jina la bibi yake, simu ikatolewa ya mtu mwingine, mgeni aliyelala nyumbani akaambiwa atoke kwa mlango wa nyuma. Siwalaumu. Lakini tulizoea kuiogopa kalamu.

Kabla Ebola haijakwisha, korona ikaingia. Tarehe 24 Machi 2020 Rais alitangaza hali ya dharura ya kiafya. Mpaka na Rwanda ulifungwa kwa watu wa kawaida, na wamama waliokuwa wakivuka bariyeri ndogo kila asubuhi na nyanya, maharagwe na maziwa wakabaki bila kazi kwa siku moja. Mwaka huo Serikali iliunda mfuko wa taifa wa mshikamano dhidi ya korona. Ila sisi wa mashinani hatukuona fomu ambayo mama wa bariyeri ndogo angejaza aseme: biashara yangu ilikuwa hii, nimepoteza hiki, naomba nirudishiwe. Na hata ingekuwepo, angeambatanisha nini? Hakuwahi kuandika mauzo yake popote. Likirimba yake ilikuwa kichwani mwa mwenye kuitunza.

Sasa tufike usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Nyiragongo ilipasuka bila kutuonya. Lava ilikata barabara ya Rutshuru, ikachoma maelfu ya nyumba upande wa Nyiragongo na Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Mabomba na tangi kubwa la maji viliharibika, na sehemu kubwa ya mji ikakaa bila maji, korona ikiwa bado ipo na kipindupindu kikinyemelea. Hali ya kuzingirwa ilikuwa imeanza tarehe 6 Mei, kwa hiyo gavana, meya na wakuu wa komini walikuwa wanajeshi na polisi waliofika juzi tu. Walikuwa hawajui avenyu zetu, nasi tulikuwa hatujui mlango wa kubisha.

Alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru kartie 10 kati ya 18 za mji zihamishwe, maana wataalamu waliogopa lava iliyokuwa chini ya mji na chini ya ziwa. Watu wapata 400,000 waliondoka: wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine Gisenyi, wengine Minova na Bukavu. Yule mama wa Buhene alikuwa ameshapoteza nyumba siku tano kabla. Alikuwa amelala kwa dada yake Majengo. Majengo nayo ikaamriwa kuhama, akachukua watoto akaenda Minova. Minova ni Kivu Kusini, jimbo lingine. Serikali ilianza kurudisha watu hatua kwa hatua mwezi wa Juni.

Listi za wasinistre zilitengenezwa katika majuma hayo hayo. Nasema listi, si listi moja. Shefu wa avenyu alikuwa na yake, nyumba kumi ana yake, parokia ina yake, kila shirika lina yake, komini inangoja zote. Hazikusemezana. Mtu aliyelala shuleni au kanisani alionekana, akaandikwa, wakati mwingine mara tatu. Aliyepokewa na ndugu hakuonekana. Aliyekuwa jimbo lingine hakuwepo kabisa.

Halafu kikaja kitambulisho. Kwa sisi Wakongomani, karti ya uchaguzi ndiyo ilikuwa kitambulisho chetu, na karti za wengi zilikuwa zimeungua pamoja na nyumba. Ili uandikwe ulihitaji ateste ya kupoteza karatasi. Ili upate ateste ulihitaji kufika ofisini na pesa kidogo mkononi. Aliyepoteza vyote alihitaji kwanza kununua karatasi ya kuthibitisha kwamba amepoteza vyote.

Hapa ndipo sababu yangu. Juni ile mimi nilikuwa mmoja wa vijana walioshika kalamu. Sitataja shirika, halina kosa la peke yake. Tulipewa siku tatu, fishi za kuhesabu, na amri ya kufunga saa kumi jioni ya siku ya tatu. Siku ya nne asubuhi walikuja watu wametoka Minova kwa mtumbwi na kwa miguu, vumbi mpaka kichwani. Niliwaambia: "Listi imefungwa." Nilisema hivyo kwa sauti nzuri ya chuo kikuu. Sijui kama yule mama alikuwa kati yao. Sikumuuliza, kwa sababu naogopa jibu.

Kwa hiyo, mama, jibu langu la kwanza ni hili: hukukosa. Ulitii. Amri ya kuhama na fishi ya kuandika zilitoka kwa watu wawili ambao hawakuongea. Na msaada wenyewe haukuwa haki iliyoandikwa kabla ya msiba, yenye fomu, muda na mahali pa kukata rufaa. Ulikuwa uamuzi uliokuja baada ya msiba. Msaada wa namna hiyo unamwendea anayeonekana siku ile.

Ndugu zetu waliopokewa Marekani wanatueleza jinsi kule kulivyo, na ni vizuri kulinganisha, bila kutamani. Marekani ina sheria ya misiba ya tangu 1988, inaitwa Sheria ya Stafford, na ofisi ya kuitumikisha inaitwa FEMA. Korona ilipoingia, Machi 2020, sheria hiyo ilitumika. Majimbo, hospitali na hata mashirika yasiyo ya faida yaliweza kuomba kurudishiwa gharama za dharura. Neno kubwa hapo ni *kurudishiwa*. Unatumia kwanza, unatunza risiti, halafu unaomba. Mwaka 2021 wakaanza pia kurudishia familia gharama za kilio cha mtu aliyekufa kwa korona, mpaka dola 9,000 kwa marehemu mmoja. Familia ilitakiwa kuonyesha cheti cha kifo na risiti za mazishi.

Na kule pia karatasi iliwaangusha watu. Waliokufa miezi ya mwanzo, vipimo vikiwa haba, vyeti vyao havikutaja korona. Familia zikakataliwa, zikalalamika. Juni 2021, mwezi uleule ambao mimi nilikuwa nafunga listi Goma, kanuni ikalegezwa: kwa vifo vya miezi ile, maelezo ya maandishi ya aliyesaini cheti au ya daktari wa serikali wa vifo yangekubaliwa. Mimi hapo sioni utajiri tu wa dola 9,000. Naona kwamba kulikuwa na kanuni inayojulikana, kwa hiyo watu walijua ni kitu gani cha kuomba kibadilishwe. Sisi tulikuwa tunalalamikia mlango, hatujui nani ana funguo.

Je, tunaweza nini sisi wenyewe, kabla ya sheria kama hiyo kupatikana kwetu? Tumeona tena juzi. Agosti 2024 OMS ilitangaza dharura ya mpox, na ugonjwa ulikuwa ndani ya kambi zetu. Februari 2025 kambi za kandokando ya Goma zikavunjwa, familia zikarudi vijijini kwa siku chache, jeto za chakula mkononi zikiwa hazina tena kambi ya kuzitambua. Ni historia ileile: watu wanahama, listi inabaki.

Basi kamati imekubali tuanze daftari letu, na ndiyo kazi ninayoileta kwenu. Daftari linalofuata familia, si parseli. Kila nyumba itaandikwa sasa, wakati hakuna moshi mlimani: majina ya wote, walikotoka, wanakoishi, simu ya ndugu mmoja anayekaa mji mwingine. Piga picha karti yako, karatasi ya parseli au barua ya mwenye nyumba kama unapanga, na vyeti vya watoto. Mtumie huyo ndugu. Wamama wa likirimba, andikeni mauzo ya juma kwenye kaye, hata mstari mmoja. Atakayezaliwa aandikwe, atakayekufa aandikwe. Kuna wanaoogopa kalamu tangu Ebola; kwa ajili yao daftari litakaa kwa watu watatu waliochaguliwa na wanachama, na hakuna ukurasa utakaopewa ofisi yoyote bila ruhusa ya mwenye jina.

Kwa marafiki wanaotuchangia: mnapotuomba risiti, tunaelewa, na tunazitunza. Nasi tunawaomba kitu. Mkileta msaada siku ya msiba, acheni nafasi kwenye listi kwa wanaofika siku ya nne. Wengi wao ndio waliotii amri.

Na wewe mama wa Buhene, jina lako ni la kwanza kwenye daftari. Nimeliandika mwenyewe.