Mbwa wa Mbegha na Mbwa wa Jirani

Vuga, makao ya kale ya wafalme wa Washambaa, imekaa juu ya mgongo wa mlima katika Usambara ya Magharibi. Wageni wengi walioupanda mlima huo walikwenda kumtafuta mfalme. Johann Ludwig Krapf alifika mwaka 1848, akarudi mwaka 1852, na zama hizo Kimweri ye Nyumbai alikuwa katika kilele cha nguvu zake, amri yake ikisikika mpaka pwani. Lakini ufalme huo uliostahiwa mbali haukuanza na jeshi wala hazina. Masimulizi ya wenyeji husema ulianza na mtu mmoja aliyekimbia kwao, mikuki yake, na kundi la mbwa.

Mtu huyo ni Mbegha. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mwandishi aliyepata kumtumikia Semboja, mwana wa Kimweri, huko Mazinde. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilipigwa chapa na wamisionari wa Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kikatolewa upya mwaka 1962. Mbegha, asema mwandishi huyo, alizaliwa Ngulu, na meno yake ya juu yalitangulia kuota. Mtoto wa namna hiyo huitwa kigego, na desturi ya siku hizo ilimhesabu kuwa ni mkosi. Wazazi wake hawakumwangamiza. Lakini alipokua jamaa zake walimnyima urithi, wakamwona chanzo cha misiba. Akaondoka kwao akafanya kazi aliyoijua, nayo ni kuwinda nguruwe mwitu kwa mbwa. Huko Kilindi mwana wa mkuu wa nchi alimpenda, akafuatana naye mawindoni, akauawa na nguruwe. Mbegha akakimbia tena, mbwa wake wakiongozwa na yule mkubwa aitwaye Chamfumu, mpaka akaingia katika milima ya Usambara.

Kilichompatia Mbegha nafasi milimani si nasaba yake, kwa kuwa hapana aliyeijua. Nguruwe mwitu walikuwa wakiharibu mashamba, naye aliwaua. Watu walimpa vyakula vya shamba, naye akawapa nyama. Mabadilishano hayo ya kila siku yalizaa urafiki, urafiki ukazaa imani, na imani ikamfikisha Vuga na kumkalisha katika kiti cha hukumu. Wanahistoria wengi huyaweka mambo hayo katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Iwapo kila neno la hadithi lilitukia kama lilivyosimuliwa, au kama wazee waliipamba ili kuhalalisha ukoo uliotawala, ni swali lililojadiliwa sana. Steven Feierman alilitolea sehemu kubwa ya kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa kilichotoka mwaka 1974. Kwa hali zote mbili, Washambaa walichagua kusimulia kwamba dola yao ilisimama juu ya kazi ya mwindaji na mbwa wake.

Katika hadithi hiyo umo mkataba usioandikwa. Mbwa hufukuza, hubweka, hujeruhiwa na pembe za nguruwe. Bwana wake humpa sehemu ya nyama, mahali pa kulala kando ya moto, na jina. Mbwa mwenye jina ana mtu wa kumjibia. Akiuma mtu, yajulikana nani aulizwe. Akipotea, yupo wa kumtafuta. Wahenga wa Kiswahili walisema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, maana yao ikiwa kwamba tabia ya mnyama ni kioo cha tabia ya mwenyewe. Methali hiyo husemwa kwa sifa, lakini yafaa pia kwa lawama: mbwa wa mzembe, aliyekonda na kujaa vidonda, humtangaza bwana wake katika kijiji kizima.

Mbegha alipokwisha kutawala, habari hugeukia wake zake, wana wake na vita vya kugombea enzi, na mbwa wanabaki nyuma ya hadithi. Historia ya nchi ilifuata njia hiyo hiyo. Baada ya kifo cha Kimweri mwaka 1862 ufalme ulipasuka kwa vita vya ndugu. Kisha wakaja Wadachi, waliotwaa nchi, wakaweka kituo chao Lushoto na kukiita Wilhelmstal, wakatenga misitu ya serikali na kuandika sheria za mawindo. Waingereza waliowafuata waliendeleza mambo hayo. Mashamba yaliongezeka, watu wakazidi, msitu ukarudi nyuma, na kuingia ndani yake na mikuki na mbwa kukawa jambo la kuombewa ruhusa. Ni rahisi kuona matokeo yake. Mbwa wa mlimani alipungukiwa na kazi, na kiumbe aliyepungukiwa na kazi katika nyumba ya maskini hupungukiwa pia na chakula. Alibaki mlinzi wa mlango, na mlinzi wa mlango usio na kitu cha kuibwa husahauliwa upesi.

Wakoloni waliongeza jambo jingine. Mbwa wao waliokuja kwa meli walikuwa na majina, mishipi ya shingoni na daktari; mbwa wa wenyeji waliitwa kwa neno moja tu, shenzi. Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki mwenye mbwa alitakiwa kulipa ada, na mbwa aliyeonekana njiani bila alama aliweza kupigwa risasi. Hivyo sheria ya kwanza ya serikali iliyomjali mbwa wa mtu wa kawaida ilimjali kama hatari, wala haikumwuliza mtu kama mbwa wake amekula. Uingereza yenyewe ilikuwa imetunga sheria ya kuzuia ukatili kwa ng'ombe na farasi mwaka 1822, na kuwaingiza mbwa katika hifadhi kama hiyo mwaka 1835. Lakini huruma ile ilichelewa kuvuka bahari.

Wengine hudai kwamba mbwa hupuuzwa kwa sababu ya dini. Dai hilo lataka kupimwa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na wa Usambara, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Lakini madhehebu hayo hayo huruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Tena hadithi mashuhuri za Mtume zamtaja mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumtekea maji kisimani mbwa mwenye kiu, na mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Najisi ni hukumu juu ya mate. Haikuwa ruhusa ya kumfisha mtu mnyama wake kwa njaa. Abdallah bin Hemedi alikuwa Mwislamu wa pwani, naye hakuona haya kuandika habari za mbwa wa mwindaji wa nguruwe.

Sasa na zifikiriwe nyumba mbili za jirani katika mteremko wowote wa Usambara leo. Nyumba moja ina mbwa aliyefungwa kamba fupi mchana kutwa, hana maji, mbavu zahesabika, na usiku hulia. Au amefunguliwa na kusahauliwa, akawa mbwa koko mwenye bwana wa jina tu, hula majalalani na kuiba kuku. Jirani afanye nini? Watu wengi huchukua moja ya njia mbili. Njia ya kwanza ni kunyamaza, kwa kuwa mbwa ni wa mwenyewe na ujirani ni kitu cha thamani. Njia ya pili ni kumtilia sumu usiku, kisha asubuhi kushangaa pamoja na wengine.

Njia ya kunyamaza yaonekana kuwa ya adabu, lakini madhara yake hayabaki ndani ya ua mmoja. Kichaa cha mbwa huua karibu kila mtu ambaye dalili zake zimekwisha kuonekana. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Dawa ya kinga imejulikana tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomtibu mtoto Joseph Meister aliyeumwa na mbwa, mwaka ule ule ambao Wadachi walitangaza himaya yao juu ya nchi hizi. Tena yajulikana kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mbwa asiyelishwa ndiye asiyepelekwa kuchanjwa, na ndiye atembeaye mbali zaidi kutafuta chakula. Basi anayenyamaza kwa kuulinda ujirani, huenda akaulipa kwa uhai wa mtoto, wake au wa jirani.

Njia ya sumu ni mbaya zaidi. Huua kwa mateso, huweza kumdhuru mtoto au mbwa mwingine, na humwacha mwenye kosa hajui kosa lake. Mwezi ujao atachukua mbwa mwingine na kumfunga kwa kamba ile ile. Na siri ikifichuka, ugomvi huzaliwa ambao wajukuu wataurithi.

Ipo njia ya tatu, nayo ni ya kale. Huanza kwa kwenda mlangoni kwa jirani mchana, kwa salamu kamili, na kuuliza kabla ya kulaumu. Mara nyingi nyuma ya mbwa mwenye njaa yupo mtu mwenye shida: mjane, mgonjwa, au mzee ambaye wanawe wamekwenda mjini wakamwachia mnyama asiyemweza. Kwa mtu kama huyo, msaada wa makombo, kamba ndefu zaidi na chungu cha maji ni bora kuliko mawaidha. Kama ni uzembe mtupu, wapo wazee, yupo mwenyekiti wa kitongoji, yupo bwana mifugo, na lipo baraza la kata, chombo kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1985 na ambacho upatanishi ndio shina lake. Na nyuma ya hao wote ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomwajibisha mwenye mnyama kumpa chakula, maji na matunzo, na kuuhesabu ukatili kuwa ni kosa. Sheria hii inauliza swali ambalo ada ya mkoloni haikuliuliza. Lakini hakuna askari awezaye kusimama katika kila ua. Bila jirani mwenye kusema, sheria hubaki karatasi.

Yasemwa na wengine kwamba nchi ambayo watu wake hawajashiba haina nafasi ya kumfikiri mbwa. Hoja hii ina uzito, wala si haki kuidharau. Lakini haikuwa katika shibe kwamba Mbegha aligawana nyama na mbwa wake; ilikuwa katika ukimbizi, alipokuwa hana nyumba. Tena mwenye nyumba hakulazimishwa kufuga. Aliyemchukua mtoto wa mbwa na kumtia kamba amemwondolea uwezo wa kujitafutia, na kwa kitendo hicho amejitwika deni. Umaskini hupunguza kiasi cha malipo, haufuti deni.

Mwanzilishi wa enzi ya Vuga alifukuzwa na jamaa zake kwa kuitwa hatari, na hatari yenyewe haikuwa katika meno yake, ilikuwa katika macho ya waliomtazama. Walimnyima haki yake, kisha wakamwogopa kwa sababu hana kwao. Mbwa wa jirani hutendewa mambo hayo hayo kwa mpango huo huo: kwanza hunyimwa, kisha huzurura, kisha huogopwa, kisha huuawa, na kila mtu husema kwamba mbwa alikuwa mbaya. Washambaa wa zamani walipomwona mgeni akitoka msituni na mbwa wake, wangaliweza kumtupia mawe. Walimpelekea chakula, wakangoja waone atafanya nini.