Kitabu cha Baba, Sanduku la Mama

Mama alichuma kahawa miaka yote niliyomjua, chini ya migomba yetu Nkoaranga, mlimani Meru, lakini hakuwahi hata siku moja kutia saini kupokea malipo ya pili.

Malipo ya pili ndiyo gawio letu sisi wa kahawa. Ukipeleka mzigo chamani unapata malipo ya awali. Kahawa ikishauzwa mnadani Moshi, chama hutoa gharama na akiba, na kinachobaki humrudia mwanachama kwa kila kilo aliyoleta. Wa kupendekeza kiasi gani kiwekwe na kiasi gani kigawiwe ni kamati, na kamati ya utoto wangu ilikuwa ya wanaume watupu. Mwanachama alikuwa mwenye shamba, na shamba alilirithi mtoto wa kiume.

Mizizi ya jambo hili iko mbali. Wamisionari wa Leipzig walijenga kituo hapa Nkoaranga mwaka 1902, na kahawa ikaenea Meru kupitia misheni. Ndizi, chakula na bidhaa ya sokoni, zilibaki za mama. Kahawa, zao la fedha, ikawa ya baba. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika, sheria ya 1982 ikavirudisha, na viliporudi majina vitabuni yalikuwa ya kina baba vilevile.

Nakumbuka siku baba alipokuwa mgonjwa. Mama alisimama kwenye dirisha la chama, pindo la kanga ameshalifungua tayari kufungia fedha, kucha bado nyeusi kwa utomvu wa kahawa.

“Mama, mwenye kitabu yuko wapi?” karani aliuliza.

“Anaumwa, baba. Ni ada ya watoto.”

“Akipona aje mwenyewe.”

Alilifunga lile pindo tupu, taratibu, kana kwamba lina kitu. Sijalisahau fundo lile.

Wanawake kukosa viti panapoamuliwa si jambo la kwetu tu: Norway ilisubiri hadi 2003 kuandika sheria ya asilimia 40 ya viti vya bodi za kampuni kwa kila jinsia. Kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilimpa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, lakini kitabu cha chama hakibadilishi jina chenyewe.

Wanawake wakaja na sanduku. Mtindo huu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianza Niger mwaka 1991, kwetu tunauita VICOBA: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hisa mbele ya macho ya wote. Kuchanga mlima huu unakujua. Wameru walichanga kumpeleka msemaji wao, Kirilo Japhet, Umoja wa Mataifa kudai ardhi yao mwaka 1952. Kugawa ndiko mama zetu walikonyimwa.

Desemba ya mgao wa kwanza wa kikundi cha mama, wengi walitaka faida yote igawiwe, maana Januari ni ada. Mama akasimama.

“Wanangu, tusimalize yote. Mwenzetu akifiwa tutatoa wapi? Ila kiasi cha kubaki, kila mtu aulizwe.”

Wakaulizana, mmoja baada ya mwingine, mpaka giza likashuka migombani na taa ikaletwa.